Majilio Kusini: maswali yanayoulizwa kila korosho zikianza kuanguka

Maswali haya huulizwa jumuiyani, nje ya kanisa baada ya Misa, na mengine pale AMCOS, kwenye chama cha ushirika cha wakulima, watu wakisubiri zamu ya kupima. Anayejibu ni katekista Mkatoliki, ila Waanglikana wa Masasi na Walutheri wa Mtwara mjini wataona mengi ni yao pia, kwa kuwa nao wanayaadhimisha Majilio, yaani majira ya kujiandaa kwa Noeli.

Majilio yanaanza lini?

Dominika ya nne kabla ya Noeli. Kwa hesabu hiyo hayawezi kuanza kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba, mwaka 2027 ni tarehe 28 Novemba. Urefu wake hubadilika: mwaka 2022 Noeli iliangukia Jumapili, tukapata wiki nne kamili, mwaka 2023 iliangukia Jumatatu, na Dominika ya nne ikawa asubuhi tu, jioni yake tukaingia mkesha wa Noeli. Wanakwaya wanaukumbuka mwaka huo.

Hapo pia ndipo mwaka wa Kanisa unapoanza. Kwa hiyo ukisikia padre anawatakia heri ya mwaka mpya mwishoni mwa Novemba, hajakosea kalenda.

Mbona Dominika ya kwanza tunasomewa mambo ya kutisha, wakati sisi tunajiandaa kwa mtoto mchanga?

Kwa sababu Majilio yanatazama pande mbili. Hadi tarehe 16 Desemba masomo yanaelekea zaidi kwenye ujio wa mwisho, Kristo atakaporudi kwa utukufu. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 yanageukia Bethlehemu: ukoo wa Yesu, ndoto ya Yosefu, Maria na Elizabeti, Zakaria aliyekuwa bubu. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, mmonaki wa karne ya 12, aliongeza ujio wa tatu ulio katikati ya hizo mbili: Bwana anavyoujia moyo wa mtu leo, bila kelele. Watu wengi wa parokiani kwetu wanaifahamu Bethlehemu vizuri, na mwisho wa dunia wanauogopa. Huo wa katikati ndio unaosahaulika, na ndio unaotudai kitu Jumatatu asubuhi.

"Kesheni" maana yake nisilale?

Hapana, lala. Wakulima wanaoamka alfajiri kuokota korosho hawahitaji kuongezewa usiku wa macho makavu.

Isome Injili ya Marko 13:33-37, inayosomwa Dominika ya kwanza ya mwaka B, kama huo unaoanza Majilio ya 2026 (masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: A, B na C). Mwenye nyumba anasafiri, anamwachia kila mtumwa kazi yake, na bawabu anaagizwa akeshe. Kila mtu amepewa kazi. Kukesha kwa mpishi ni kupika, kwa mchungaji ni mifugo isipotee. Hakuna aliyeambiwa aache kazi akakae barazani kuangalia njia.

Kisha Yesu anataja nyakati nne ambazo bwana huyo anaweza kurudi: jioni, usiku wa manane, awikapo jimbi, au asubuhi. Ukifungua sura inayofuata, utazikuta nyakati hizo zikipita moja moja. Jioni wanakaa mezani kwa karamu ya mwisho, na msaliti yumo. Usiku, bustanini, Petro, Yakobo na Yohane wanalala mara tatu. Jimbi linawika, Petro ameshakana. Asubuhi Yesu anapelekwa kwa Pilato. Kila saa iliyotajwa, rafiki zake walikuwapo hapo hapo na bado ikawapita. Kwa hiyo kinyume cha kukesha siyo usingizi wa kitandani. Ni kuwapo mwili tu, kama Yuda alivyokuwapo mezani na mkono wake ulikuwa kwenye bakuli moja na Bwana wake.

Ukitaka zoezi la kukesha, chukua hizo hizo saa nne. Jioni, uliza mezani nani hayupo na kwa nini. Usiku, kabla ya kulala, pitia siku yako bila kujitetea. Jogoo akiwika, sali hata Baba Yetu moja kabla ya kushika simu. Asubuhi, angalia ni mtu gani leo anakutegemea kwa kazi uliyopewa. Sijaona mtu aliyeshindwa hayo kwa kukosa muda.

Kuna video inazunguka WhatsApp inasema Yesu anarudi tarehe fulani. Tuisambaze?

Ifute. Marko 13:32, mstari mmoja tu kabla ya Injili tuliyoizungumzia hapo juu, unasema siku ile hakuna aijuaye, hata malaika. Anayekupa tarehe amejiweka juu ya malaika. Na tazama vizuri mwisho wa video hiyo, mara nyingi kuna namba ya kutumia sadaka.

Majilio ndiyo msimu wa korosho. Nitatuliaje kiroho wakati kichwa chote kiko kwenye mnada?

Hili ndilo swali letu hasa sisi wa Kusini, na vitabu vya tafakari vinavyoandikwa kwingine haviligusi. Huko wanaonywa juu ya maduka na taa za Krismasi. Sisi Novemba na Desemba tuna magunia ghalani, stakabadhi mkononi, na malipo yanayosubiriwa benki. Ada ya Januari, bati za nyumba, deni la salfa, dawa ya mikorosho, la tangu katikati ya mwaka, vyote vinaangalia hapo hapo. Usijilaumu kwa kuwaza mnada. Mtume Yakobo anamtaja mkulima kwa heshima kabisa kuwa mfano wa uvumilivu, anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho (Yak 5:7), na somo hilo husomwa Dominika ya tatu ya mwaka A.

Ila kungoja kuna hatari zake, na Kusini zina majina.

Ya kwanza ni kangomba. Kila mtu hapa anajua inavyokuwa: mtoto anaumwa au kuna msiba, hela hakuna, anakuja mtu na fedha taslimu anachukua korosho zako kwa bei ya kutupa kabla hazijafika ghalani. Tumaini nalo huuzwa hivyo hivyo. Mtu amesali miaka kwa ajili ya ndoa yake au mwanawe aliyepotelea mjini. Kungoja kunamchosha, anatokea mganga au mhubiri wa muujiza wa siku tatu, anamwachia imani yote kwa ahadi ya haraka. Sisemi hivyo kumcheka aliyeuza. Wengi huuza kwa sababu hakuna jirani aliyewakopesha elfu ishirini ya dawa, na hapo jumuiya nzima ina kosa. Jumuiya ndogo ndogo ikiwa na mfuko wake wa dharura Oktoba, hata kama ni mdogo, imefanya Majilio kabla hayajafika.

Ya pili ni uraka, pombe ya mabibo. Mabibo ni mengi, uraka ni rahisi, na jioni ni joto. Luka 21:34, Injili ya mwanzo wa Majilio mwaka C, inaonya mioyo isilemewe na ulafi, ulevi na masumbufu ya maisha. Ninachokiona cha maana ni kwamba masumbufu yamewekwa sentensi moja na ulevi. Yupo mlevi wa uraka, na yupo mlevi wa hesabu ambaye hajaonja tone lakini wiki nzima hajamsikia mke wake anasema nini.

Ya tatu ni mizani. Yohane Mbatizaji alipoulizwa "tufanye nini?" (Luka 3:10-14, Dominika ya tatu mwaka C), hakuwatuma watu jangwani wakakae naye. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari asimdhulumu mtu. Kila mmoja alirudishwa kwenye meza yake ya kazi. Karani anayepunja kilo, mkulima anayechanganya mawe au korosho mbichi ili gunia lizidi uzito, mchukuzi anayechomoa njiani: Yohane angewajibu pale pale kwenye mizani.

Na malipo yakishaingia? Kaeni mke na mume mpange kabla ya mtu yeyote kwenda benki. Ndoa ngapi zimevunjika Desemba hapa, si kwa umaskini, bali kwa hela iliyotolewa na mmoja bila mwenzake kujua.

Bei ikianguka au malipo yakichelewa, tumaini linabaki wapi?

Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo yao hadi baada ya Noeli. Watu walienda Misa ya usiku na madaftari ya madeni yakiwa nyumbani. Hakuna mahubiri yanayofuta deni, na mimi simwamini mhubiri anayesema ukisali bei itapanda. Tumaini la Mkristo halina mkataba na soko.

Lakini angalia nani anayetupa mfano wa tumaini katika Dominika ya tatu ya mwaka A. Ni Yohane huyo huyo, sasa yuko gerezani, na anatuma watu kumwuliza Yesu: ni wewe yule ajaye, au tumtazamie mwingine? (Mt 11:2-11). Mtu aliyembatiza Yesu kwa mikono yake anauliza hivyo! Na Yesu hamkemei. Anawaambia wajumbe wamweleze wanayoyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Mlango wa gereza haukufunguka. Yohane alipata jibu, na akafia humo ndani. Kuuliza ukiwa gizani siyo kukosa tumaini, mradi unamwuliza yeye mwenyewe, kama Yohane alivyofanya, badala ya kunung'unika pembeni.

Ukipenda ushahidi wa karibu, eneo letu lina wake. Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Waanglikana alipokuja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia, watu wakauawa, wengine wakatekwa, na kazi ya misheni ikahamia Newala. Leo Masasi ina dayosisi. Kwa upande wa Wabenediktini, watawa Wakatoliki, misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka huo huo Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa wakiwa njiani kuelekea Kusini. Mwaka uliofuata, 1906, ndipo misheni ya Ndanda ilipoanzishwa. Niongeze hapa, kwa haki: waliochoma nao walikuwa babu zetu, na walikuwa na sababu, maana pamba ya kulazimishwa na viboko vya Wajerumani si hadithi. Nao walitumaini. Ndiyo maana ukienda Ndanda usiitazame kama ushindi wa upande mmoja. Hospitali na shule za pale zimehudumia wajukuu wa pande zote mbili.

Nimefiwa mwaka huu. Kusikia "furahini" kunaniumiza. Nifanyeje?

Pole sana. Hulazimiki kujichekesha. Dominika ya tatu inaitwa ya furaha, lakini Isaya anayesomwa msimu huu wote aliwahubiria watu waliotekwa na waliovunjika moyo, siyo watu waliokuwa arusini. Kaa kanisani hata kama huimbi. Omba jina la marehemu wako litajwe katika sala za jumuiya. Wanajumuiya, ninyi msimwachie huyu mama au baba Noeli yake ya kwanza peke yake. Mmoja aende akale naye, na asiende na hotuba.

Na kama kwa wiki kadhaa hulali, huli, au unawaza kwamba bora usingekuwapo, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya. Sala na tabibu havigombani.

Shada la Majilio tulitengeneze na nini huku kwetu?

Na majani mabichi yoyote yanayokaa siku kadhaa bila kupukutika. Mivinje ya pwani inafaa sana, majani ya mwembe nayo ni mazuri, na ukiwa Newala au Tandahimba ya mkorosho hayakosekani. Hakuna kanuni inayodai msonobari wa Ulaya. Shada lenyewe lilianza kwa Walutheri: Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia aliyelea watoto maskini Hamburg, mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa ili watoto waache kumwuliza kila siku Noeli imebaki siku ngapi. Wakatoliki tulilipokea baadaye sana.

Mishumaa ni minne. Wengi huweka mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Dominika ya tatu. Ukikosa rangi, weka minne myeupe ukafunge kitambaa cha zambarau chini. Desemba ya Mtwara mishumaa hupinda kwa joto kabla haijawashwa, ihifadhi ndani ya maji au mahali pa baridi. Nyumba ya makuti au nyasi, washeni nje barazani au kwenye sinia lenye mchanga, na usiachiwe mtoto.

Kwa pango la Noeli, mkiwa na fundi wa kuchonga mpingo, mpeni kazi. Familia Takatifu iliyochongwa na Mmakonde ina uzito ambao sanamu za plasta hazina. Mtoto Yesu asiwekwe hadi usiku wa tarehe 24.

Tunafunga kama Kwaresima? Na harusi?

Kanisa Katoliki haliamuru mfungo wa Majilio. Ijumaa zinabaki siku za kitubio kama kawaida. Rangi ni zambarau, wimbo wa "Utukufu" hauimbwi Dominika, lakini Aleluya inabaki, na hiyo inakuonyesha kwamba hatuko Kwaresima. Tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, "Utukufu" unarudi kwa siku hiyo. Harusi hazijakatazwa, ila paroko anaweza kuomba mapambo na shamrashamra zipunguzwe. Muulize yeye kabla hujalipia ukumbi.

Kwaya inaweza kuimba nyimbo za Noeli Desemba mwanzoni?

Kwenye mazoezi, ndiyo. Kwenye Misa, subirini. Najua mmeshona sare.

Kigango chetu padre anakuja mara moja kwa mwezi. Tunakeshaje?

Ibada ya Neno ikiongozwa na katekista inatosha kuyabeba Majilio, kwa sababu msimu huu ni wa masomo zaidi ya kitu kingine. Msiruke Isaya. Mkipata mvua za kwanza siku hizo, someni sura ya 45 mstari wa 8, ambapo nabii anaziomba mbingu zidondoshe haki kama mvua na nchi ifunguke. Mwenye shamba lililosubiri ndiye anayeuelewa mstari huo bila kufafanuliwa. Pangeni siku ya kitubio mapema na parokia, kwa sababu wiki ya mwisho mapadre wanazunguka vigango vyote na wewe utapewa dakika tano. Mkesha nao huenda ukafanyika saa kumi na moja jioni ili padre awahi kigango cha pili. Ni mkesha halali.

Majirani zetu wengi ni Waislamu. Tuwashirikishe vipi bila kuwaudhi?

Kama mlivyoishi siku zote. Tunakula futari zao, wao wanakula pilau yetu ya Noeli, na msibani hatuulizani dini ndipo tubebe jeneza. Majilio hayana karamu, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kuwaalika, lakini kukesha kuna upande wa ujirani: kwaya isipige spika hadi usiku wa manane kwenye mtaa wenye wazee, na mgonjwa wa jirani atembelewe kama wa jumuiya. Anzeni kujiandaa kwa jambo moja pia. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwishoni mwa 2030 itafika karibu kabisa na Noeli. Mwaka 2031 inatarajiwa kuanza katikati ya Desemba, ndani ya Majilio yenyewe. Nyumba mbili zinazopakana, zote kwenye sala, moja inafunga na nyingine inangoja. Mimi nautazamia sana mwaka huo.

Leo ni tarehe 20 Desemba na sijafanya chochote. Nimekosa?

Umebakiwa na siku zilizo nzito kuliko zote. Kuanzia tarehe 17 hadi 23, katika Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya kila jioni, huimbwa kabla ya wimbo wa Maria antifona (viitikio vifupi) saba, moja kila siku, zinazomwita Kristo kwa majina: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mawio, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Chukua moja kila jioni kuanzia leo. Ya tarehe 20 ni Ufunguo wa Daudi, anayewatoa wafungwa gerezani. Kisha kesho asubuhi nenda ukaungame kabla foleni haijawa ndefu, na kama kuna mtu unamdai au anakudai na hamsalimiani, pitia kwake ukirudi.